Kenya: Ndege zenye gurudumu mkiani na ugumu wa kujifunza kuzitua

Hifadhi za taifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, nchini Kenya, zina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kusaka majangili na mizoga ya tembo katika eneo hilo kwa gari pekee hakuwezekani. Ndiyo maana Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, KWS, hutumia pia ndege ndogo za aina ya Piper Super Cub na Husky, zenye magurudumu mawili makuu mbele na kigurudumu kimoja chini ya mkia.

Muundo huo una faida. Pua ya ndege huinuka, hivyo rafadha hukaa mbali na mawe na vichaka. Aidha, ndege hizo hupaa na kutua katika masafa mafupi, hata kwenye ardhi isiyosawazishwa.

Kwa nini ni vigumu?

Ndege nyingi za mafunzo zina gurudumu la tatu chini ya pua, na kitovu cha uzito wake kiko mbele ya magurudumu makuu. Ikitua ikiwa imepinda kidogo, uzito huo huivuta inyooke. Katika ndege yenye gurudumu mkiani, kitovu hicho kiko nyuma ya magurudumu makuu. Ikipinda, uzito huusukuma mkia utake kutangulia. Rubani asipowahi kuirekebisha, ndege hujizungusha ghafla, na bawa huweza kugonga ardhi.

Mafunzo yake

Mwanafunzi huanza kwa kuiendesha ndege ardhini. Hufundishwa kukanyaga pedali za usukani wa mkia mapema, kidogo kidogo, na kuziachia mara moja. Anayechelewa hukanyaga kwa nguvu mno, na kosa la pili likawa kubwa kuliko la kwanza.

Kisha hufundishwa namna mbili za kutua. Ya kwanza ni kupunguza mwendo hadi magurudumu yote matatu yaguse ardhi kwa pamoja. Hufaa kwenye viwanja vifupi. Ya pili ni kutanguliza magurudumu mawili makuu, mkia ukiwa juu. Marubani wengi huipendelea upepo unapovuma kutoka ubavuni.

Leseni ya kawaida haimaanishi kwamba rubani ameumudu ustadi huu. Nchini Marekani, kwa mfano, mwalimu hulazimika kuthibitisha kwa maandishi kwamba rubani amepata mafunzo hayo. Wanaosamehewa ni wale tu waliokuwa wameshaziongoza ndege hizo kabla ya tarehe 15 Aprili 1991.

Somo kuu ni kwamba safari haimaliziki magurudumu yanapogusa ardhi, bali ndege inaposimama kabisa. Kwa askari wa wanyamapori aliyetua peke yake nyikani, gurudumu lililovunjika humaanisha kwamba doria imekoma, na msaada huenda uko mbali.