Miembe ya Njia ya Misafara

Miembe mizee inayotia kivuli Tabora na kuiandama njia ya misafara hadi Ujiji ni athari ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliopanda bara kutoka Bagamoyo, mizigo yao mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, wakaweka maskani Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mji ambao wasafiri Waingereza Burton na Speke waliufikia mwaka 1857. Na njia hiyo hiyo iliyopitisha pembe na, kwa dhuluma isiyosahaulika, watumwa, ndiyo iliyotuachia tunda hili. Embe hukatwa kikonyo kwanza, utomvu uwashao midomo uchuruzike, kisha kisu hupita ubavuni mwa kokwa, huku na huku, mashavu mawili yakatoka kamili. Kokwa, nionavyo, ndiyo fungu bora: mtoto huachiwa aifyonze hadi nyuzi zigeuke nyeupe.