Majina ya Njia za Arusha

Mtu asimamaye penye Mnara wa Saa, katikati ya mji wa Arusha, huziona njia mbili zenye kumbukumbu zisizofanana. Moja hupanda kaskazini, nayo ni Barabara ya Boma. Nyingine hushika magharibi, nayo ni Barabara ya Sokoine. Ya kwanza yataja jengo, wala haimtaji mtu. Wamisionari Ovir na Segebrock walipouawa huko Akeri mwezi wa Oktoba, 1896, Wajerumani walikuja na majeshi kulipiza kisasi, na mwishoni mwa karne ile wakajenga ngome yao mahali hapo. Waliochukua mawe na chokaa ni Waarusha na Wameru wenyewe, kwa kulazimishwa. Jengo hilo sasa ni makumbusho, na njia yasema Boma tu. Mabega yaliyolibeba hayakutajwa.

Njia ya pili ina mtu, na mtu huyo angali akikumbukwa. Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, akawa Waziri Mkuu mara mbili, akafa kwa ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili, 1984. Mwaka mmoja kabla ya kufa aliongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu wa uchumi. Yatosha kumfanya mpita njia atabasamu kidogo, kuona ya kwamba jina lake limewekwa katika njia ya maduka kuliko zote mjini.

Kabla ya serikali yo yote kuandika vibao, maji yalikwisha kutoa majina. Engare, kwa Kimaasai, ni maji. Ngarenaro, mtaa wa mjini, ni maji meusi, na Engare Nanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, ni maji mekundu. Jina hili la pili lilifika mbali sana. Mwaka 1951 Waingereza waliwahamisha huko kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kupeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Shauri halikurudisha ardhi wakati ule, lakini jina la kijito cha wafugaji lilisomwa na wajumbe wa mataifa ambao hawakupata kuuona mlima wenyewe. Mitaa mingine asili yake ni nyepesi zaidi: Unga Limited ni jina la kampuni ya kusaga nafaka, na wakazi hulitamka kana kwamba ni Kiswahili tangu zamani.

Yuko pia kijana. Baada ya Halmashauri Kuu ya TANU kukutana Arusha mwishoni mwa Januari, 1967, na Azimio kutangazwa mwezi wa Februari, watu wengi walifanya matembezi ya kuliunga mkono. Seth Benjamin alitoka Arusha kwa miguu kwenda Dar es Salaam, safari ipitayo kilometa 600, akafa njiani mwaka ule ule. Ni mmoja wa watu wachache waliopewa njia mjini bila ya kuwa na cheo.

Walakini jina litamkwalo kuliko yote, hasa siku za mpira, ni la uwanja: Sheikh Amri Abeid. Maelfu hulitaja wakiulizana habari za mabao, na pengine wachache sana wajua ya kuwa wamtaja mshairi. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Alikuwa mhubiri wa Ahmadiyya, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, akafariki Ujerumani Oktoba, 1964, akiwa na miaka 40 tu. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1954, kilitoka kitabu chake *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Mambo ambayo washairi waliyashika kwa sikio, yaani vina, mizani, vipande na beti, yeye aliyapanga kwa maandishi, mwanafunzi asiye na mwalimu apate kujifunza. Kila mwalimu wa ushairi wa Kiswahili, hata yule apingaye sheria zile, huanzia hapo.

Katika jalada la kitabu mwenyewe ni Abedi. Uwanjani amekuwa Abeid. Mtu aweza kusema ni herufi mbili tu zilizobadilishana mahali. Lakini Abedi huishia kwa silabi ya -di, nayo yafaa kuwa kina. Abeid huishia kwa konsonanti, na kwa sheria za mwenyewe mwenye jina, haiwezi kufunga mstari.