Richard Atkinson: Mtafiti wa kumbukumbu aliyeutikisa mtihani wa vyuo Marekani

MWANAFUNZI anayekariri orodha ya maneno ya lugha ya kigeni mpaka ayataje yote bila kukosea huondoka mezani akiamini kwamba amejifunza. Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Chatham Atkinson, aliichukua imani hiyo akaipima kwa kompyuta za Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 1972 akachapisha matokeo ambayo hadi leo watafiti wa elimu huyarejea: kundi lililofanya vizuri kuliko yote wakati wa mazoezi ndilo lililoshika mkia wiki moja baadaye.

Mtafiti huyo baadaye aliliacha darasa na maabara, akaongoza mfuko wa serikali yake unaogharimia sayansi na kisha mojawapo ya mifumo mikubwa ya vyuo vikuu duniani. Kwa wasomaji wengi wa magazeti nchini mwake, jina lake lilivuma mwaka 2001 alipoushambulia mtihani wa kuingilia vyuo uitwao SAT. Wachache walikumbuka kwamba aliyekuwa akisema hayo alitumia takriban miaka 20 kuchunguza namna binadamu anavyokumbuka na anavyosahau.

Atkinson alizaliwa Machi 19, 1929 huko Oak Park, katika Jimbo la Illinois. Alihitimu Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1948 na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1955. Indiana ya miaka hiyo ilikuwa kitovu cha fani changa ya saikolojia ya hisabati, ambamo mwanasaikolojia William Estes na wenzake walijaribu kuyaeleza mambo ya kujifunza kwa milinganyo badala ya maelezo matupu. Mafunzo hayo ndiyo yaliyomjenga. Mwaka 1956 alijiunga na Stanford, na ukiondoa kipindi kifupi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, huko ndiko alikofanyia utafiti wake hadi mwaka 1975.

Kazi iliyompatia sifa ya kwanza aliiandika pamoja na mwanafunzi wake, Richard Shiffrin, ikachapishwa mwaka 1968. Wawili hao waliigawa kumbukumbu ya binadamu katika hifadhi tatu. Ya kwanza hupokea yale ambayo macho na masikio yameyanasa, nayo hudumu kwa muda mfupi mno kabla ya kufutika. Ya pili ni ya muda mfupi, ambayo uwezo wake ni mdogo na ambamo mtu hulishikilia jambo kwa kulirudiarudia, kama afanyavyo anayetajiwa namba ya simu naye hana kalamu. Ya tatu ni ya muda mrefu, ambako mambo yaliyokita huweza kubaki kwa miaka.

Mchoro wa visanduku vitatu ukaingia katika vitabu vya kiada duniani kote, kikiwamo kile cha utangulizi wa saikolojia ambacho Atkinson mwenyewe alishiriki kukiandika na Ernest Hilgard, na baadaye na mkewe, mwanasaikolojia Rita Atkinson. Hata hivyo, visanduku si sehemu muhimu zaidi ya kazi hiyo. Uzito wake umo katika nusu ya pili ya hoja: kwamba mtu ana hiari ya kuchagua la kurudia, la kuacha na njia ya kulihifadhi. Kumbukumbu, kwa mtazamo huo, huendeshwa na mwenyewe. Na kama huendeshwa, basi yawezekana pia kuiendesha vizuri zaidi.

Swali hilo ndilo lililomfikisha kwenye kompyuta. Katikati ya muongo wa 1960, yeye na mwenzake wa Stanford, Patrick Suppes, walianzisha mradi wa kufundishia watoto kwa mashine ambazo wakati huo hata benki nyingi hazikuwa nazo. Mwaka 1966 mtambo wa kampuni ya IBM ulifungwa katika Shule ya Msingi ya Brentwood, East Palo Alto, eneo la watu wa kipato cha chini lililo jirani na chuo hicho tajiri. Kila mtoto wa darasa la kwanza aliketi mbele ya skrini, akiwa amevaa visikizi masikioni, akajibu maswali kwa kuigusa skrini kwa kalamu maalumu ya mwanga au kwa kubonyeza herufi.

Mpango wa utafiti wenyewe ulikuwa wa busara. Nusu ya wanafunzi walifundishwa kusoma kwa kompyuta na hesabu kwa mwalimu. Nusu nyingine ilikuwa kinyume chake. Suppes alisimamia hesabu, Atkinson akasimamia kusoma. Kwa njia hiyo kila kundi lilikuwa kipimo cha jingine, wala hakuna mtoto aliyenyimwa mashine ili mwenzake alinganishwe naye.

Mtambo wa Brentwood ulikuwa wa gharama kubwa mno kuweza kusambazwa mashuleni. Watafiti walilitambua hilo mapema, wakageukia vifaa rahisi zaidi vilivyounganishwa kwa nyaya za simu na kompyuta ya Stanford. Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 1972, Atkinson na mwenzake J. D. Fletcher walilinganisha jozi 50 za watoto wa darasa la kwanza; mmoja katika kila jozi alipewa dakika chache tu za kompyuta kwa siku, kati ya 8 na 10, juu ya masomo ya kawaida. Waliotumia kompyuta waliwazidi wenzao katika kusoma. Mashine haikumwondoa mwalimu darasani. Ilichukua sehemu ndogo ya kazi yake, ile ya kumfanyisha kila mtoto zoezi linalomfaa yeye na si jirani yake.

Mwaka 1967 Suppes na Atkinson walishiriki kuanzisha kampuni ya Computer Curriculum Corporation, mojawapo ya kampuni za mwanzo kabisa kuuza masomo ya kompyuta kwa shule. Taasisi ya Suppes ya Stanford nayo ilikuja kuipeleka mbinu ya mazoezi ya mfululizo kwenye redio, kwa kufundisha hisabati nchini Nicaragua katika muongo wa 1970. Mradi huo ulifuatiwa na mwingine wa aina hiyohiyo nchini Kenya, katika muongo wa 1980, ambapo watoto wa madarasa ya mwanzo walifundishwa Kiingereza kwa redio, wakitakiwa kujibu kwa sauti kila baada ya sekunde chache.

Jaribio la mwaka 1972 lililotajwa hapo juu lilikuwa dogo kwa umbo lakini kubwa kwa maana. Wanafunzi wa chuo walipewa maneno 84 ya Kijerumani, yaliyogawanywa katika orodha saba za maneno 12. Kila mara neno moja liliteuliwa, mwanafunzi akaandika maana yake kwa Kiingereza, kisha akaonyeshwa jibu sahihi. Idadi ya mazoezi ilikuwa sawa kwa wote. Kilichotofautiana ni nani aliyeteua neno linalofuata.

Kundi la kwanza liliteuliwa maneno kwa bahati nasibu. La pili liliachiwa wanafunzi wenyewe wachague. La tatu na la nne liliendeshwa na kompyuta iliyokuwa ikikadiria hali ya kila neno kichwani mwa mwanafunzi: limekita moja kwa moja, limeshikiliwa kwa muda tu, au halijulikani kabisa. Neno lililoshikiliwa kwa muda lingeweza kudondoka pale mwanafunzi anapofundishwa neno jingine. Kompyuta basi ilitafuta neno ambalo, likifanyiwa zoezi sasa hivi, lina nafasi kubwa zaidi ya kuhamia katika hali ya kudumu. Tofauti ya makundi haya mawili ni kwamba katika la tatu maneno yote yalihesabiwa kuwa na ugumu sawa, ilhali katika la nne kila neno lilipewa ugumu wake.

Wiki moja baadaye wote walitahiniwa. Kundi la bahati nasibu lilikumbuka asilimia 38 ya maneno. La tatu lilipata asilimia 54, waliojichagulia asilimia 58, na kundi la nne asilimia 79.

Takwimu hizo zinastahili kutazamwa mara mbili. Kwanza, waliojichagulia walifanya vizuri kuliko bahati nasibu, hivyo mwanafunzi si kipofu wa udhaifu wake. Lakini hakuwa karibu na kompyuta iliyokuwa na habari kamili za ugumu wa kila neno. Pili, kompyuta iliyodhani kwamba maneno yote ni sawa haikumshinda mwanafunzi aliyejiamulia. Mashine pekee haikutosha. Ilihitaji nadharia sahihi ndani yake, jambo ambalo wauzaji wa programu za elimu hawapendi sana kulitaja.

Na wakati wa mazoezi yenyewe, mpangilio ulikuwa umepinduka. Kundi la nne, lililokuja kuongoza, lilikosea zaidi kuliko yote, kwa sababu kompyuta ilikuwa ikiwarudisha kila mara kwenye maneno wasiyoyajua. Wa bahati nasibu walipatia mara nyingi, kwani sehemu kubwa ya zamu zao ilitumika kwa maneno waliyokwisha kuyashika. Mwalimu aliyepita dirishani siku ile angewapongeza wasiostahili.

Jaribio hilo lina mipaka yake. Lilihusu kikao kimoja na jozi za maneno, wala halikugusa athari ya kuachanisha mazoezi kwa siku kadhaa, jambo ambalo Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliliandikia tangu mwaka 1885. Pengo hilo lilishughulikiwa na wengine. Mwaka 2008 Philip Pavlik na John Anderson, wakiendeleza njia aliyoifungua Atkinson, walichapisha hesabu ya ratiba bora ya mazoezi iliyozingatia pia nafasi kati ya zoezi na zoezi.

Mchango wake wa mwisho mkubwa katika maabara haukuhitaji kompyuta. Ni mbinu ya neno-kiungo, aliyoitafiti na Michael Raugh. Mwanafunzi hutafuta katika lugha yake neno linalosikika kama lile la kigeni, kisha huunda picha kichwani inayoliunganisha na maana. Mfano wa Atkinson ulikuwa neno la Kihispania pato, lenye maana ya bata: Mwingereza husikia ndani yake neno lake la chungu, basi amwone bata aliyefunikwa na chungu kichwani. Msemaji wa Kiswahili ana bahati zaidi, kwani pato analo tayari. Inamtosha kumwona bata amepanga foleni dirishani siku ya mshahara. Katika jaribio la maneno 120 ya Kirusi, lililochapishwa mwaka 1975, waliotumia mbinu hiyo walikumbuka asilimia 72, wasioitumia asilimia 46. Wiki sita baadaye viwango vilishuka hadi asilimia 43 na 28.

Mwaka huohuo wa 1975 alihamia Washington kuwa naibu mkurugenzi wa Mfuko wa Taifa wa Sayansi, akawa mkurugenzi kamili kuanzia 1977 hadi 1980. Hakikuwa kipindi cha raha. Seneta William Proxmire alikuwa ameanza kutoa tuzo ya kejeli kwa miradi aliyoiona inafuja fedha za umma, na tafiti za saikolojia zilizogharimiwa na mfuko huo ndizo zilizokuwa shabaha rahisi. Katika uongozi wake mfuko huo pia ulishiriki mazungumzo yaliyozaa makubaliano ya kwanza kati ya Marekani na China ya kubadilishana wanasayansi na wanazuoni.

Kuanzia 1980 hadi 1995 alikuwa mkuu wa kampasi ya San Diego ya Chuo Kikuu cha California, ambako idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu na kufikia takriban 18,000. Oktoba 1995 akawa rais wa mfumo mzima wa chuo hicho, miezi michache tu baada ya bodi kuamua kwamba rangi na jinsia visizingatiwe tena katika udahili. Mwaka uliofuata wapiga kura wa jimbo waliliweka katazo hilo katika katiba yao.

Suala la nani aingie chuoni, na kwa kipimo gani, halikumwacha tena. Februari 18, 2001, mbele ya mkutano wa viongozi wa vyuo mjini Washington, alipendekeza kwamba chuo chake kisiwadai tena waombaji matokeo ya SAT ya kawaida, bali mitihani inayopima masomo waliyofundishwa shuleni. Alisimulia alivyotembelea shule moja ya gharama kubwa, akakuta watoto wa miaka 12 wakinolewa katika mafumbo ya ulinganisho wa maneno, miaka kadhaa kabla ya mtihani wenyewe.

Kwa mtu aliyechunguza mazoezi maisha yake yote, kasoro ilikuwa wazi. Watoto wale walikuwa wakifanya mazoezi kweli, tena kwa bidii, lakini ya kitu ambacho hakingewafaa popote nje ya chumba cha mtihani. Wasio na fedha za kunolewa hawakupata hata hilo. Uchambuzi wa chuo chenyewe, uliohusisha karibu wanafunzi 78,000, ulionyesha kwamba mitihani ya masomo ilibashiri maendeleo ya mwaka wa kwanza vizuri zaidi kuliko SAT ya kawaida.

Chuo Kikuu cha California kilikuwa mteja mkubwa mno kupuuzwa. Wamiliki wa mtihani waliufanyia marekebisho, na toleo jipya likaanza Machi 2005: mafumbo ya ulinganisho yameondolewa, insha imeongezwa na hisabati imepanuliwa. Atkinson alikuwa amestaafu urais mwaka 2003. Insha ile ilifanywa ya hiari mwaka 2016 na kufutwa mwaka 2021. Mei 2020 bodi ya chuo hicho ilipiga kura kusitisha matumizi ya SAT katika udahili, na mwaka uliofuata, kufuatia maafikiano ya kesi iliyofunguliwa na wanafunzi, chuo kikakubali kutoyaangalia kabisa matokeo ya mtihani huo.