Wamisionari Wanaokuja Wakiwa Wazee

Ukitoka Malaba na kuiacha nyuma foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, njia ya Moding inakuingiza katika mashamba ya mihogo na wimbi ya Wateso. Anga ikitakata, mwamba wa Tororo huonekana ng'ambo ya mpaka, na Mlima Elgon upande wa kaskazini. Katika kanda hii, kutoka Busia hadi Bungoma, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kwa jina la Wamormoni, lina matawi madogo. Mara kwa mara hufika huko wageni wa aina yake: mume na mke wa Kimarekani, wastaafu, mvi zimejaa kichwani na beji nyeusi kifuani. Wameacha wajukuu kwao, wakaja kukaa mwaka mmoja au mwaka na nusu.

Anayewakaribisha mara ya kwanza hupata mtihani. Mgeni wa heshima huchemshiwa chai ya maziwa, na mzee wa Kiteso wa zamani angemwekea chungu cha ajon, pombe ya kienyeji, na mrija wake. Wageni hawa hawanywi chai, hawanywi kahawa, na pombe ndiyo kabisa. Ni fundisho ambalo kanisa lao limekuwa nalo tangu 1833. Mwenye nyumba asiyejua hudhani amedharauliwa, mpaka ukapikwa uji na roho zikatulia.

Jambo jingine la kuchekesha ni vyeo. Katika maandishi ya Kiswahili ya kanisa hilo, kijana wa miaka 19 anayetembea kwa miguu akihubiri huitwa Mzee Fulani. Kwa hiyo wanapofika wazee wa kweli, lugha inakuwa imekwisha kutumia heshima yake yote kwa wavulana.

Lakini kinachonishughulisha mimi ni umri wao. Zamani wamisionari walikuja Afrika Mashariki wakiwa vijana, na wengi wao uzee hawakuuona.

Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosine walihamia Mombasa mwezi Mei 1844. Tarehe 8 Juni Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kufikia katikati ya Julai, Rosine alikuwa amejifungua binti, homa ikawachukua wote wawili, naye akazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Ndoa ya kwanza ya kimisheni katika pwani yetu haikumaliza hata majira mamoja ya mvua. Ukurasa wa Kiswahili ulikuwa umeanza kuandikwa, na kaburi lilichimbwa wino wake haujakauka.

Miaka miwili baadaye, Juni 1846, akafika Johannes Rebmann. Huyu ndiye wa kwanza kuzeeka hapa. Alijenga na Krapf kituo cha Rabai, akauona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na wasomi wa Ulaya wakambishia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1851 alimwoa Emma huko Cairo, wakarudi pamoja Rabai. Krapf alipoondoka, wao walibaki. Emma alikaa miaka kumi na mitano mpaka akafa mwaka 1866.

Wakubwa wa misheni hawakuridhika na Rebmann. Waliohesabu waumini waliwakuta wachache. Lakini nyumba yake ilikuwa karakana ya maneno. Alikaa siku baada ya siku na Salimini, mtumwa aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa, akiandika msamiati wa lugha ya kwao. Kamusi hiyo ilichapwa mwaka 1877, mwandishi akiwa tayari kaburini. Macho yalimwisha akiwa bado anafanya kazi. Alipokubali hatimaye kurudi Ujerumani mwaka 1875, baada ya miaka 29, aliyemshika mkono njia nzima alikuwa Isaac Nyondo, Mrabai, mtoto wa mmoja wa waumini wa kwanza. Mzungu aliyekuja kuwaonyesha watu njia aliondoka akionyeshwa njia. Alikufa tarehe 4 Oktoba 1876.

Kabla hajawa kipofu, Rebmann aliletewa wasaidizi ambao vitabu vya shule huwapita haraka mno. Mwaka 1864 walishuka Mombasa vijana wa Kiafrika waliotekwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na kulelewa India, karibu na Nashik. Miongoni mwao walikuwemo William Jones na Ishmael Semler, pamoja na wake zao. Watu waliwaita Wabombei. Walikuwa wanarudi Afrika, lakini si nyumbani. Jones alikuwa mzaliwa wa Uyao, kusini sana. Rabai kwake ilikuwa ugeni kama ilivyokuwa India. Yeye na mkewe walikuwa mume na mke waliotumwa nchi ya mbali, kwa maana kamili ya neno, ingawa hakuna aliyewasindikiza kwa nyimbo katika bandari ya London.

Jones ndiye anayetufikisha karibu na Busia.

Tarehe 31 Mei 1885, baada ya utumishi wa zaidi ya miaka ishirini, yeye na Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington. Kwa mwendo wa kanisa la siku zile hiyo ilikuwa haraka kubwa! Miezi miwili haikuisha kabla askofu hajamchukua Jones katika msafara wa watu zaidi ya 200, waliotoka Rabai mwezi Julai kwenda Buganda kwa njia mpya, kupitia Umasai. Mke wa Jones alibaki pwani. Mke wa Hannington alikuwa Uingereza.

Mwezi Oktoba walifika Kwa Sundu, makao ya wafalme wa Wanga ambayo leo ni mji wa Mumias. Kutoka hapo hadi Busia ni mwendo wa siku moja au mbili kwa mtu mwenye miguu mizuri. Hannington aliamua kutangulia na watu 50 tu. Jones aliambiwa angoje na wengine wote, pamoja na mizigo. Askofu akashika njia ya magharibi, kupitia nchi ya Wasamia na jirani zao, mpaka Busoga.

Hakujua alichokuwa anakikanyaga. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia ardhi ya bara mkabala na Zanzibar, na habari hizo zilikuwa zimemfikia Kabaka Mwanga. Buganda nako kulikuwa na imani ya siku nyingi kwamba watakaoimeza nchi watatoka mashariki. Mzungu wa kwanza kutaka kuingia kwa mlango huo alikuwa mtu wa dini, lakini mlango ulikuwa uleule. Chifu Luba wa Busoga alimkamata.

Alifungwa siku nane. Homa ilimbana, kibanda kilikuwa kichafu, na kila siku alisoma Zaburi na kuandika shajara katika kijitabu kidogo. Shajara hiyo ilisalimika, ndiyo maana tunajua kwamba siku ya mwisho, tarehe 29 Oktoba, aliyasoma maneno ya Zaburi ya 30, na kwamba usiku uliotangulia fisi alilia karibu, akinusa mgonjwa. Siku hiyo aliuawa, na karibu watu wake wote pamoja naye. Alikuwa na miaka 38. Waliorudi hai ni wanne.

Simulizi nyingi hufunga kitabu hapo, kwa shahidi wa dini na damu yake. Mimi humfikiria zaidi yule aliyeachwa Kwa Sundu. Jones alikuwa na watu zaidi ya 150 wa kulisha, ugenini. Habari zilipomfikia mwezi Novemba hakuondoka mara moja. Alingoja, labda angetokea mwingine aliyenusurika. Mwezi Desemba alianza safari ya kurudi. Mapema Februari 1886 Warabai waliona msafara ukiteremka, na mbele yake bendera ya buluu yenye neno moja jeupe: Ikabodi. Neno hilo liko katika Samweli wa Kwanza. Mama anayekufa akijifungua anampa mtoto wake jina hilo kwa sababu utukufu umeondoka Israeli. Ishara kama ile haiwezi kuwazwa na mtu asiyeishi ndani ya Maandiko kila siku. Jones alihitaji neno moja kubeba habari ya mamia ya kilomita, na alijua lilipo.

Baada ya hapo nchi ilibadilika haraka. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza walilihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kuliingiza katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na Wateso wakajikuta wako pande mbili. Dini pia iliingia ikitokea pande mbili. Kutoka magharibi walikuja wakatekista wa Kiganda nyuma ya majeshi ya Semei Kakungulu. Kutoka mashariki walikuja Wazungu wa misheni.

Pamoja nao lilikuja neno ambalo bado ninalipenda. Buganda, aliyeingia dini aliitwa msomaji, na kusali na kusoma vikawa kitenzi kimoja: okusoma. Waluhya nao walisema abasomi. Hukuulizwa umeokoka au la. Ulionekana una kitabu.

Kufanya kitabu hicho kiwepo ilikuwa kazi ya maisha, na mara nyingi ya watu wawili wanaokula meza moja. Emory na Deborah Rees, Wakweka kutoka Marekani, walifika magharibi mwa Kenya mwaka 1904, miaka miwili baada ya wenzao kufungua Kaimosi. Hawakuwa wageni wa kazi. Walikuwa wamekwisha kutumika Afrika Kusini. Walikaa Maragoli. Bwana alitafsiri, bibi alifundisha wanawake kusoma wakati ambapo wanaume wengi waliona hilo ni kupoteza mchana. Walipoondoka mwaka 1926, baada ya miaka 22, Agano Jipya la Kilogooli lilikuwa limekamilika. Bega kwa bega na Rees alikuwa Joel Litu, Mlogooli, na Rees alipokwenda zake Litu hakuacha. Biblia nzima ilipotoka mwaka 1951, robo karne ilikuwa imepita tangu mgeni aondoke, na mwenyeji alikuwa bado mezani.

Wamormoni walichelewa sana, na sababu yake si umbali. Mpaka tarehe 8 Juni 1978 kanisa lao halikuwapa wanaume weusi ukuhani, na wanawake kwa wanaume weusi hawakuruhusiwa ibada za hekaluni. Zuio lilipoondolewa, waliotumwa kwanza Nigeria na Ghana, Novemba mwaka huo, hawakuwa vijana wa baiskeli. Walikuwa wazee na wake zao: Rendell na Rachel Mabey, Edwin na Janath Cannon. Mabey alikuwa amefika miaka 70.

Kenya ililitambua kanisa hilo kisheria mwaka 1991. Lakini waumini walikuwepo kabla, na mmoja wao alikuwa Joseph Sitati, mzaliwa wa Bungoma wa mwaka 1952, aliyebatizwa na familia yake Nairobi mwaka 1986. Kigingi cha kwanza cha Nairobi, yaani muungano wa makanisa ya eneo, kilipoundwa mwaka 2001 aliwekwa kukiongoza, na mwaka 2009 akaitwa katika uongozi wa juu wa kanisa zima. Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili kilitoka mwaka 2000. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025. Kabla ya hapo waumini wa Busia walioweza walisafiri hadi Johannesburg.

Hao wastaafu wa leo, basi, hawatafsiri kitabu wala hawafungui nchi. Wanajilipia sehemu kubwa ya gharama zao. Wanamsaidia karani wa tawi kupanga kumbukumbu, wanafundisha jinsi ya kuendesha mkutano, wanamtembelea mgonjwa. Asubuhi husoma sura yao kabla jua halijakolea, wakifuata ratiba ya kanisa zima inayoitwa Njoo, Unifuate, iliyoanza 2019, ili familia ya Utah na ya Moding zikutane ukurasa mmoja juma hilo. Wengi hawakijui Kiswahili, sembuse Ateso. Kwenye somo la Jumapili mkalimani huwa kijana wa kidato cha tatu, na mara kwa mara anapomaliza sentensi huwa ndefu kuliko ilivyotoka, kwa kuwa ameongeza maelezo yake. Mzee hutabasamu na kuendelea.

Anapougua, huyu hangoji fisi. Kuna daktari wa simu, kuna gari la kwenda Eldoret, kuna ndege. Kinachomtesa ni simu ya video inayokatika mjukuu akiwa katikati ya neno.

Muda ukiisha, jiko la gesi humwendea jirani na godoro jirani mwingine. Wanapigwa picha nje ya jengo la tawi, mama ananyakua mkono wa kila mtu mara mbili, gari linashika njia ya Malaba. Palipo na seminari, yaani darasa la Maandiko la vijana, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi watoto huingia wakiwa na sare za shule, mwalimu mwenyeji akauliza jana tuliishia mstari gani.