Kitengela ni ya nani? Uzi kwa wapenda mabishano

Kampeni zikikaribia, Kajiado inarudi kwa wimbo ule ule: wenyeji na wageni. Huyu anasema tumenyang'anywa. Yule anajibu nilinunua, hati ninayo. Mimi nasoma sayansi ya siasa na nyumbani ni Kitengela, kwa hivyo mabishano haya nayasikia hadi kwa matatu. Hebu tuangalie tarehe kwanza.

Mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai Naivasha na baadaye Laikipia, wakasukumwa kusini. Mwaka wa 1968 ikaja sheria ya ranchi za kikundi: ardhi moja, hati moja, wanachama wengi. Nia ilikuwa wafugaji wapate mikopo. Ikaleta madeni, kamati zenye upendeleo, na vijana waliokua bila majina yao kuandikwa popote. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa 1988, kila mwanachama na kipande chake.

Miaka miwili tu baadaye, sheria ya EPZ ikapita na viwanda vikaota Athi River, ng'ambo ya mpaka upande wa Machakos. Ona sasa: ardhi imepata hati za mtu binafsi wakati ule ule maelfu wanatafuta pa kulala karibu na kazi. Mwaka wa 1989 mji wa Kitengela ulikuwa na watu kama 6,500. Sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya 58,000. Ya 2019, zaidi ya 154,000.

Kwa nini mfugaji aliuza? Ng'ombe hafuati mipaka ya hati. Ukiame, lazima ahame, na jirani akishaweka ua, utahamia wapi? Basi ekari mbili zinaenda kwa karo, tatu kwa hospitali. Tangu 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua, ili wanyama wa mbuga ya Nairobi wapite. Dola 4! Broka naye amesimama mlangoni na pesa taslimu.

Kwa hivyo mauzo mengi yalikuwa halali. Lakini halali haimaanishi familia iliulizwa. Jina kwenye hati lilikuwa la baba. Mama na watoto wengine walijua siku nguzo za ua zilipochimbiwa. Ni 2012 ndipo sheria ya ardhi ilipodai idhini ya mke au mume, na kufikia hapo ploti ngapi zilikuwa zimekatwa hamsini kwa mia? Hasira ya vijana wa Kimaasai ina msingi, ila anayelaumiwa mara nyingi siye.

Maana huyo "mgeni" ni nani? Kuna mshonaji wa kiwandani anayelipia chumba kimoja, watoto wamezaliwa hapa na kura anapigia hapa. Kuna mwenye mkopo wa sacco anayeondoka alfajiri kwenda Nairobi. Na landilodi wa yule mshonaji anaweza kuwa Mmaasai aliyebakisha kipande kando ya barabara ya Namanga, huku binamu yake aliyeuza chote akilinda geti la mtu.

Mshonaji na huyo mlinzi wa geti wote wananunua maji kwa mtungi. Mgombea akija na "wenyeji na wageni", mwulizeni hao wawili amewaweka upande gani.