Kabla ya Labubu kulikuwa na Molly

Mwaka 2025 ulipokuwa ukielekea ukingoni, wakusanyaji wa midoli ya sanaa walifanya kama wafanyavyo kila mwisho wa mwaka: waliipanga midoli waliyonunua tangu Januari na kutaja iliyowakosha kuliko yote. Safari hii jina moja lilitajwa hadi likachosha. Labubu, kiumbe mwenye masikio marefu yaliyochongoka na meno tisa yaliyopangana kama msumeno, alining'inia kwenye mikoba ya wanamuziki wakubwa kuanzia Lisa wa kundi la Blackpink hadi Rihanna, na kurasa za biashara ziliandika habari zake kama ziandikavyo bei ya dhahabu.

Mwaka 2026 una maadhimisho mengine, na hayapigiwi kelele hata robo ya hizo. Molly anatimiza miaka 20. Ni msichana wa plastiki ngumu asiyezidi kimo cha kidole, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, macho ya kijani kama maji ya ziwa, midomo imebenuliwa mbele kama mtoto aliyenyimwa kitu. Bila yeye, Labubu huenda angebaki kwenye kurasa za vitabu vya picha na kabati za wakusanyaji wachache. Historia ya midoli hii imezoeleka kusimuliwa kuanzia soko la hisa. Makala hii inaanzia mikononi mwa waliochonga.

Biashara ya kumuuzia mtu kitu asichokiona haikuanza jana. Maduka ya Japani yana desturi ya kale ya kuuza mifuko ya bahati kila mwaka mpya. Unalipa kwanza, unafungua baadaye. Februari 17, 1965, mfanyabiashara wa Tokyo, Ryuzo Shigeta, aliweka mashine yake ya kwanza ya kutoa midoli. Zile za Marekani zilichanganya bigijii na vidude vya kuchezea ndani ya chupa moja. Yeye aliona ni uchafu, akakitia kila kidude ndani ya kifuko kigumu cha plastiki cha mviringo. Mtoto alitumbukiza sarafu ya yeni 10, akazungusha mpini, kikadondoka chake. Kampuni ya Bandai iliingia kwenye biashara hiyo mwaka 1977. Huko Italia, Ferrero ilikuwa imekwisha kutoa yai lake la chokoleti lenye mdoli ndani mwaka 1974. Hayo yanajulikana.

Kisichosemwa sana ni kwamba kwa muda mrefu kilichokuwa ndani hakikuwa na thamani. Bahati nasibu ilikuwa ya watoto, na zawadi yake ilivunjika kabla ya jioni. Mambo yalibadilika mwaka 1999, kampuni ya vitafunwa ya Furuta ilipowaomba mafundi wa Kaiyodo, karakana ya uchongaji ya mkoa wa Osaka, watengeneze wanyama wa Japani wa kutia ndani ya mayai ya chokoleti. Mchongaji Shinobu Matsumura aliwachonga wanyama hao kwa uangalifu wa mtu anayeandaa makumbusho: manyoya, magamba, mkao wa miguu. Watu wazima walianza kununua mayai kwa mafungu, tena si kwa ajili ya chokoleti. Mwaka 2001 kampuni ya Medicom Toy ya Tokyo ikaja na Bearbrick, dubu mdogo mwenye umbo lilelile siku zote lakini mwenye rangi na michoro ya wasanii mbalimbali. Dubu hao waliuzwa katika maboksi yaliyofungwa, na Medicom ilichapisha wazi asilimia ya uwezekano wa kupata kila aina. Huo ulikuwa uungwana, na zaidi ya miaka 20 baadaye serikali ya China ililazimika kuusisitiza kwa maandishi.

Upande wa pili wa ukoo huu uko Hong Kong. Katika miaka ya 1960 na 1970 mji huo ulikuwa kiwanda cha dunia cha midoli ya plastiki. Kisha viwanda vikahamia ng'ambo ya mpaka, Dongguan na miji mingine ya Guangdong, ambako vibarua na ardhi vilikuwa rahisi. Kilichobaki Hong Kong ni kizazi kilicholelewa katikati ya midoli iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mataifa mengine. Michael Lau ni mmoja wao. Alichukua wanasesere wa kijeshi wa inchi 12, akawavua magwanda, akawavalisha suruali pana, kofia na raba za vijana wa mitaani, akawapa hereni na michoro ya mwilini. Mwaka 1999 aliwaonyesha wanasesere wake 99 katika Kituo cha Sanaa cha Hong Kong. Kundi lake aliliita Gardener. Wengi huhesabu maonyesho yale kuwa mwanzo wa mdoli kutazamwa kama sanamu ya msanii.

Nyuma ya Lau wakaja vijana watatu waliojiita Brothersfree, na hao ndio ninaowapenda zaidi katika historia nzima. Wakati wengine walichonga wacheza ubao wa magurudumu na waimbaji, wao walichonga vibarua wa ujenzi: fulana ya ndani iliyochakaa, kofia ngumu, taulo shingoni, zana za kazi zilizopimwa kwa milimita. Hong Kong ilijengwa na watu wale, na hakuna aliyewahi kuwaweka kwenye kabati la vioo. Mmoja wa vijana hao watatu alikuwa Kenny Wong.

Kwa simulizi ya Wong mwenyewe, Molly alizaliwa katika hafla ya hisani mwaka 2006. Alimwona binti mdogo akichora, amezama kwenye karatasi yake. Alipomuuliza jina, mtoto alibenua midomo na kujibu: Molly. Wong alirudi nyumbani na uso ule kichwani. Molly wa kwanza alikuwa mchoraji mwenye brashi. Hatabasamu, na hilo ndilo lililowashika watu. Mdoli anayecheka amekwisha kukuamulia hali yako. Huyu mwenye midomo iliyobenuliwa unaweza kumsoma kuwa amekasirika, anakaidi, anawaza, au anajizuia kulia, kulingana na siku ilivyokwenda. Kwa miaka 10 Wong alimtengeneza kwa matoleo madogo, akauza kwenye maonyesho na kwa wateja waliomjua kwa jina.

Sasa tuhamie Beijing. Wang Ning, kijana wa mkoa wa Henan aliyezaliwa mwaka 1987, alifungua duka lake la kwanza la Pop Mart mwaka 2010 katika eneo la Zhongguancun, lililokuwa maarufu kwa maduka ya kompyuta. Aliuza kila kitu: vipodozi, daftari, vyombo, midoli. Miaka ilipita bila faida ya kujivunia. Alipochunguza mauzo yake ya mwaka 2015 aliona kitu kimoja kikibeba duka: Sonny Angel, kitoto cha Kijapani chenye mabawa mgongoni na kofia ya mnyama au tunda, kinachouzwa ndani ya boksi la kubahatisha. Wateja hawakununua kimoja wakaondoka. Walirudi. Lakini Sonny Angel ana mwenyewe, kampuni ya Dreams ya Japani, na muuzaji wa mali ya mwingine hana usalama.

Januari 2016 Wang aliwauliza wafuasi wake kwenye mtandao wa Weibo wanakusanya nini kingine. Wengi walijibu Molly. Akafunga safari hadi Hong Kong kumtafuta Wong, wakakubaliana, na katikati ya mwaka huo Molly wa nyota za unajimu akaingia sokoni kwa mtindo wa boksi. Mpango wenyewe, ambao karibu wote waliofuata wameuiga, ulikuwa huu: toleo moja lina midoli 12 ambayo picha zake zimechapwa nje ya boksi, na wa kumi na tatu ni wa siri, anayeonyeshwa kama kivuli tu. Ndani ya boksi kuna mfuko wa karatasi ya fedha usiopenyeza macho, na kadi yenye jina la uliyempata. Wa siri hupatikana mara moja katika maboksi 144. Bei ilikuwa yuani 59. Dukani ungewaona watu wazima wakitikisa maboksi sikioni, wakisikiliza mdoli unavyogonga kuta, wengine wakiwa na mizani ndogo mfukoni.

Waraka ambao kampuni iliwasilisha ilipoomba kuuza hisa Hong Kong unaonyesha ukubwa wa deni kwa msichana huyu. Mwaka 2017 mapato yote ya Pop Mart yalikuwa yuani milioni 158. Mwaka 2018 yalifika milioni 515, na Molly peke yake alileta zaidi ya milioni 213, yaani asilimia 41.6. Desemba 11, 2020, siku hisa zilipoanza kuuzwa, bei ilifunguka ikiwa mara mbili ya iliyotangazwa. Magazeti yalijaa picha za Wang Ning, bilionea wa umri wa miaka 33.

Fedha zilipokuwa nyingi, mdoli ulianza kuonekana kama tiketi ya bahati nasibu. Katika soko la mitumba la mtandaoni la Xianyu, mdoli mmoja wa siri wa Krismasi ulionunuliwa kwa yuani 59 uliuzwa kwa 2,350. Ikafika Januari 2022, na ukazuka mzozo.

KFC ilikuwa inaadhimisha miaka 35 tangu ifungue mgahawa wake wa kwanza China. Ikashirikiana na Pop Mart: ukinunua mlo wa familia wa yuani 99 unapewa Dimoo, mvulana mwenye nywele kama wingu, aliyevalia kwa heshima ya kuku wa kukaanga. Aina zilikuwa sita za kawaida na moja ya siri, ambayo uwezekano wake ulikuwa 1 kwa 72. Foleni zilianza kabla milango haijafunguliwa. Mteja mmoja aliripotiwa kununua milo 106 kwa mkupuo, akalipa yuani 10,494, ili akamilishe seti. Mtu hawezi kula milo 106. Likazuka soko la watu wanaolipwa kula: wewe kula chakula, mimi niletee mdoli. Vyakula vingine viliishia kwenye mapipa ya taka.

Januari 12 Chama cha Walaji cha China kilitoa tamko kali, kikaishutumu KFC kwa kuchochea ununuzi usio na akili na kupoteza chakula, na kikawataka wananchi wasusie. Ikumbukwe kwamba tangu mwaka uliotangulia nchi hiyo ilikuwa na sheria mahususi dhidi ya upotevu wa chakula. Wapo waliosema ni mdoli tu, mtu atumie pesa yake apendavyo. Siungani nao. Kuku aliyepikwa na kutupwa ili kukamilisha rafu ya plastiki ni dhuluma kwa aliyempika, na ni dhuluma pia kwa msanii aliyemchora Dimoo, kwa sababu hakuna kati ya walanguzi wale aliyemtazama mdoli wake hata dakika moja. Walitazama bei.

Mwezi huohuo Shanghai ilitoa mwongozo kwamba boksi moja lisizidi yuani 200 na watoto walio chini ya miaka 8 wasiuziwe. Mwaka 2023 serikali kuu ikatoa mwongozo wa nchi nzima unaotaka uwezekano wa kupata kila mdoli utangazwe wazi, kama Medicom walivyofanya bila kulazimishwa.

Ya Labubu ni mafupi kwa kuwa kila mtu ameyasikia. Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyepelekwa Uholanzi akiwa mdogo na kukua na ngano za Ulaya ya kaskazini, alimchora mwaka 2015 katika vitabu vyake vya picha. Kampuni ya How2Work ya Hong Kong ndiyo iliyomtengeneza kwa miaka ya mwanzo. Pop Mart iliingia mwaka 2019. Mwishoni mwa 2023 akageuzwa kuwa kitu cha manyoya cha kuning'iniza kwenye mkoba, Aprili iliyofuata Lisa akaonekana naye, na mauzo ya ukoo wake yakafika yuani bilioni 3.04 kwa mwaka 2024. Mei 2025 maduka ya Uingereza yaliacha kumuuza kwa muda baada ya wateja kupigana. Juni mwaka huo, Labubu wa kimo cha binadamu alinadiwa Beijing kwa yuani milioni 1.08.

Nawapongeza wanaomtaja Labubu kuwa kipenzi chao cha mwaka. Ni kazi nzuri ya mkono uliosubiri karibu muongo mmoja kabla ya kusikika. Lakini Molly hastahili kuadhimishwa kwa toleo jingine la maboksi na duka jingine kwenye jengo la kifahari. Hong Kong imwandalie maonyesho ya hadhi: wanasesere 99 wa Michael Lau, vibarua wa Brothersfree wakiwa na taulo zao shingoni, na yule Molly wa kwanza mwenye brashi, wote wakiwa nje ya boksi, majina ya waliowachonga yameandikwa kwa herufi kubwa, na kiingilio kiwe bure kwa watoto wa Dongguan ambao wazazi wao ndio wanaoyapaka rangi macho yale ya kijani.