HUDUMA YA KWANZA: URITHI WA WAZEE NA FUNZO LA SANGE

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi wa Uvira na bonde la Ruzizi tunaijua methali hii kwa mwili, siyo kwa mdomo tu. Jeraha likishikwa vibaya saa ya kwanza, munganga wa hopitali anakuta kazi imekwisha kuharibika. Basi tukumbushane namna wazee walivyosaidia mtu aliyeumia, ili tujue cha kushika na cha kuacha.

Zamani, kwa Bavira, kwa Bafuliiru ao kwa Babembe, kulikuwa wazee waliojua kuunga mifupa. Mtu akianguka toka juu ya mchikichi na kuvunjika mguu, alifungiwa vijiti pande mbili, akakatazwa kutembea. Hiyo ilikuwa akili kubwa. Hata leo sekuriste wa Msalaba Mwekundu anafundishwa vilevile: kiungo kilichovunjika kisitikisike.

Mwaka 1879 Mapadri Weupe walifika ziwa Tanganyika. Miaka kumi baadaye, 1889, Adrian Atiman alifika Karema, ng'ambo ya ziwa. Huyu alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, kisha akasomea uganga Malta. Alitibu watu Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Kumbe dawa ya kizungu haikuletwa pwani hizi na Wazungu peke yao!

Misioni zilisaidia pia kueneza jiwe jeusi la nyoka, linalotengenezwa kwa mfupa uliochomwa. Mtu akiumwa na nyoka, alichanjwa kwa wembe, jiwe likabandikwa eti linyonye sumu. Wengi tumekua tukiliamini. Lakini waliolipima wameona halitoi sumu, linatuchelewesha tu. Ndiyo maana tunasema: tuache wembe, tuache kunyonya, tuache kamba ya kukaza. Tuchukue vile vijiti vya wazee wetu, tutulize mguu kama uliovunjika, tumbebe mgonjwa haraka mpaka hopitali, asitembee mwenyewe.

Sasa tuseme juu ya moto. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamio iliyobeba mafuta ilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Watu walikuja kuchota mafuta, wengine walikuwa karibu wakitazama mupira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, na wengi wakaungua. Majeruhi walipelekwa Uvira na Bukavu, wengine kwa helikopta za Umoja wa Mataifa. Watu wa Msalaba Mwekundu walibeba maiti na kuzika katika makaburi ya pamoja.

Hatukumbushi hayo ili kuwalaumu marehemu. Umaskini ndio uliowaita na ndoo zao. Lakini funzo la kwanza la Sange ni hili: huduma ya kwanza inaanza kabla ya jeraha. Mafuta yakimwagika, tukimbie mbali, tuwaite na watoto, na mtu asiwashe hata kiberiti.

Funzo la pili ni la jikoni mwetu. Mtoto akimwagikiwa na sombe ya moto, mkono wetu unakimbilia mawese, unga ao dawa ya meno. Tumerithi hivyo, lakini mafuta yanafungia joto ndani ya ngozi, na unga unaingiza uchafu. Tumwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Tuvue nguo na bangili mapema, ila nguo iliyoshikamana na ngozi tusiivute. Malengelenge tusiyapasue. Tufunike kwa kitambaa safi, twende kituo cha afya.

Je, tunadharau wazee? Hapana. Wazee walitumia walichokijua, na pale walipojua vizuri, sisi tunawafuata. Walichotuachia zaidi ya dawa ni desturi: mtu akianguka njiani, hakuna aliyeuliza kabila lake kabla ya kumbeba. Vita imeiumiza sana desturi hii kwetu. Kijana akijua kufunga kidonda na kumbeba jirani bila kumuuliza anatoka wapi, huyo ameshika urithi wote.